Nahodha wa siku chache, ubishi wa miaka thelathini

Samaki yule hakuwa amemkosea mtu. Kwa miaka alikuwa akizunguka ndani ya tangi lake la kioo ofisini kwa Nahodha Jean-Luc Picard, na mazungumzo mazito ya chombo cha Enterprise yalifanyika mbele ya macho yake. Akaja nahodha mpya, akaitazama ofisi, akaagiza samaki aondolewe. Ukutani akabandika michoro ya tembo iliyochorwa na mwanawe mdogo.

Mashabiki wa Star Trek: The Next Generation wanamwita kwa jina moja tu, Jellico, na wakikutana hawamalizi kumjadili. Tamthilia yenyewe ilidumu misimu 7, kuanzia 1987 hadi 1994. Humo ndani Kapteni Edward Jellico alionekana katika sehemu 2 pekee, zilizorushwa mfululizo Desemba 1992 kwa jina la "Chain of Command". Wapo wahusika waliokaa ndani ya chombo kile miaka yote saba bila kuzua hata robo ya ubishi wake. Kambi moja inasema alikuwa dikteta aliyewadhalilisha watu hodari kwa sababu ya kutojiamini. Kambi nyingine inasema alikuwa kiongozi pekee aliyekumbuka kwamba vita inabisha hodi, wakati wenzake walizoea starehe. Kila kambi ina ushahidi, na hapo ndipo utamu ulipo.

Kwa msomaji asiyeifahamu hadithi hii: Enterprise ni chombo cha anga za mbali cha karne ya 24, chenye watu zaidi ya 1,000, familia na watoto wakiwemo. Ni mrithi wa kile cha tamthilia ya kwanza ya mwaka 1966, ile iliyokuwa na Luteni Uhura, dada ambaye jina lake lilitokana na neno letu uhuru. Picard, aliyeigizwa na Patrick Stewart, ni nahodha msomi, mpole, anayeuliza maoni ya kila mkuu wa idara kabla ya kuamua. Wakubwa wake wanamwondoa ghafla na kumtuma kwa siri, pamoja na Daktari Beverly Crusher na afisa wa usalama Worf, wakachunguze silaha ya kibayolojia inayodhaniwa kutengenezwa na maadui, Wakadasia. Chombo kinakabidhiwa kwa Jellico, ambaye aliwahi kushiriki mazungumzo ya kusitisha vita na maadui haohao. William Riker, naibu nahodha, aliyewahi kuliongoza jahazi hilo Picard alipotekwa na viumbe wa Borg, anabaki kuwa naibu.

Hebu tuanze na zamu, maana ndipo ugomvi ulipoanzia.

Jellico hata hajaonyeshwa chumba chake cha kulala, anamwambia Riker kwamba anataka chombo kihame kutoka zamu 3 kwenda zamu 4. Riker anakwenda kuzungumza na wakuu wa idara, nao wanalalamika. Anarudi siku ya makabidhiano bila kutekeleza, akitaka kwanza amweleze nahodha matatizo yatakayotokea. Jellico anamkatisha. Hataki maelezo, anataka zamu 4, na anazitaka sasa.

Watazamaji wengi huiona hii kama kero ya kikaratasi, mabadiliko ya ratiba kwa ajili ya kuonyesha nani mkubwa. Si kweli. Siku ya saa 24 ukiigawa mara tatu unapata zamu za saa 8; ukiigawa mara nne unapata saa 6. Mtu wa saa 6 kwenye mtambo wa silaha macho yake bado yako hai anapokabidhi. Mabaharia wa kweli wanalijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 2017 manowari mbili za Marekani ziligongana na meli za biashara katika muda wa miezi miwili hivi: USS Fitzgerald mwezi Juni, karibu na Japani, ikapoteza watu 7, na USS John S. McCain mwezi Agosti, karibu na Singapore, ikapoteza watu 10. Uchovu wa mabaharia ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa katika uchunguzi, na baada ya hapo jeshi hilo la majini likaagiza zamu zipangwe kufuata mzunguko wa asili wa usingizi wa binadamu. Kwa hiyo nahodha anayeingia chomboni siku chache kabla ya mapigano na kuuliza kwanza habari ya zamu anajua anachokitafuta.

Hapo watetezi wa Jellico hupiga makofi. Wasiharakishe. Zamu 4 zinahitaji vikosi 4 vya watu wanaojua kazi mahali palipokuwa na vikosi 3. Wakati huohuo Jellico anamwamuru fundi mkuu, Geordi La Forge, aibadilishe mitambo karibu yote kwa siku 2, kisha anamnyang'anya theluthi ya watu wake na kuwapeleka kikosi cha ulinzi. Hesabu hiyo haikubali. Data, yule afisa wa bandia asiyejua kusema uongo wala kubembeleza, anathibitisha kwamba kazi inawezekana endapo mafundi wote watatumika, na La Forge anaongeza kwamba itabidi wafanye kazi usiku na mchana. Jellico anasikia neno "inawezekana" na kuondoka ameridhika. Ile faida ya watu kupumzika, ambayo ndiyo sababu ya zamu 4, anaitupa palepale katika chumba cha mitambo.

Kwa hiyo amri ilikuwa na busara na utekelezaji wake ulikuwa wa pupa. Lakini mbona Riker hakutekeleza? Hili ndilo swali ambalo mashabiki wake hulikwepa. Kazi ya naibu si kupeleka malalamiko ya wakuu wa idara juu na kurudi nayo chini. Naibu ndiye anayetakiwa kuigeuza amri chungu iwe kitu ambacho watu wanaweza kukimeza. Angeanza mabadiliko, kisha akamfuata nahodha faraghani na takwimu mkononi, ningekuwa upande wake bila kusita. Badala yake aliifanya amri kuwa mada ya majadiliano, kwa sababu ndivyo Picard alivyomzoesha. Ni kama wachezaji wanaomwambia kocha mpya kwamba kocha wa zamani hakuwa akiwakimbiza asubuhi. Huenda wana haki ya kuchoka. Hawana haki ya kutokimbia.

Suala la sare halina haja ya kurasa. Deanna Troi, mshauri wa wafanyakazi na afisa mwenye cheo, alikuwa akivaa nguo za kubana karibu tangu tamthilia ianze. Anakwenda kumweleza Jellico kwamba watu wana wasiwasi. Jellico anamsikiliza, anamkabidhi kazi ya kuwatuliza, kisha anamwambia avae sare rasmi akiwa kazini. Ameisema vibaya, lakini amesema kweli. Mwigizaji Marina Sirtis ameeleza mara nyingi jinsi alivyofurahia badiliko hilo, na tangu hapo Troi alianza kupewa mambo ya maana zaidi ya kufanya. Katika kambi zote mbili sijaona mtu anayetaka nguo hizo zirudi.

Kuna jambo ambalo watazamaji wa leo hawalihisi kama walivyolihisi wale wa 1992. Jellico aliigizwa na Ronny Cox. Miaka mitano kabla, mwaka 1987, Cox alikuwa yule bosi katili wa kampuni katika filamu ya RoboCop. Mwaka 1990 alikuwa mtawala wa Mars anayewanyima raia hewa katika Total Recall. Mtazamaji alipoona uso ule ukikaa kwenye kiti cha Picard, tayari alishamhukumu kabla hajafungua mdomo. Ustadi wa Cox ni kwamba hakumfanya Jellico kuwa mwovu. Tazama anavyobandika ile michoro ya tembo. Tazama pia kipande cha mazungumzo na maadui: anawaacha wamsubiri makusudi, anaingia, anafoka, anatoka. Riker anadhani mtu huyu anajiamini kupita kiasi. Troi, mwenye kipaji cha kuhisi hisia za wengine, anamsahihisha kwa maneno machache: hajiamini hata kidogo. Anaogopa, na anajua kwamba mwenye kuogopa akionekana anaogopa, watu watakufa.

Ugeni wake una sababu nyingine, ya kiufundi. Gene Roddenberry, mwanzilishi wa Star Trek aliyefariki Oktoba 1991, aliamini kwamba binadamu wa karne ya 24 watakuwa wameshinda wivu na ugomvi mdogomdogo. Aliwakataza waandishi wasiwagombanishe wahusika wakuu wao kwa wao. Ni imani nzuri, ila kwa mwandishi wa tamthilia ni sawa na kufungwa mkono mmoja. Njia ya kutokea ilikuwa kumleta mgeni. Jellico aliingia na kila kitu ambacho nyumba ile ilikatazwa kuwa nacho: ukali, haraka, dharau kidogo, na tabia ya kukata maneno ya mwenzake. Ndiyo maana uzito wake unazidi idadi ya dakika zake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, na wenyeji wakagundua kwamba hata hawakujua wanaumwa.

Hadithi ya mkali aliyechukua nafasi ya mpole si ya Star Trek peke yake. Filamu ya Twelve O'Clock High ya mwaka 1949 inamwonyesha Jenerali Frank Savage, aliyeigizwa na Gregory Peck, akipewa kikosi cha ndege za mabomu kilichokuwa kikiongozwa na kamanda aliyependwa mno na vijana wake. Savage anafuta likizo, anarudisha nidhamu, na marubani wote wanaomba uhamisho. Polepole kikosi kinapona, naye Savage mwenyewe akili inamchoka na kusimama. Filamu hiyo imetumika kwa miaka mingi kufundishia uongozi jeshini Marekani. Upande wa pili kuna Nahodha Queeg katika riwaya ya Herman Wouk, The Caine Mutiny, ya mwaka 1951: mkali aliyechukua meli kutoka kwa nahodha mlegevu, akaishia kunyang'anywa usukani na maafisa wake katikati ya tufani. Ujanja wa Wouk ni kwamba baada ya kesi, wakili aliyewatetea waasi anawageukia na kuwashutumu. 

Ukimweka Jellico katikati ya hao wawili, utaona kilichompungukia. Savage alikuwa na miezi. Alipata nafasi ya kuwafokea vijana, kisha kuruka nao, kisha kuwafahamu kwa majina. Jellico alikuwa na siku. Alimwambia Picard waziwazi, kabla hajaondoka, kwamba huenda asirudi, na kwamba yeye hana budi kuichukua Enterprise kuwa yake tangu dakika ile. Kwa Troi alisema hana muda wa fungate na wafanyakazi. Kiongozi anayejua kwamba hana muda wa kupendwa ana haki ya kuomba atiiwe kwanza. Lakini kueleza sababu ya amri hakuchukui saa nzima. Sentensi mbili kwa La Forge zingetosha: Wakadasia nawajua, watatushambulia kwa njia hii, kwa hiyo nahitaji mitambo ifanye hivi. Hakuzisema.

Twende kwenye mlango wa Riker, kwa maana kila nikiirudia hadithi hii ndipo ninaposimama.

Kufikia hapo Riker ameshaondolewa kazini, kwa sababu nitakayoieleza, na Data amevikwa sare nyekundu ya unaibu. La Forge anagundua kwamba kundi la vyombo vya Wakadasia limejificha ndani ya wingu kubwa la gesi karibu na sayari ya Minos Korva, likisubiri kuvamia. Mpango wa Jellico ni kutuma chombo kidogo kikatege mamia ya mabomu ndani ya wingu hilo, yang'ang'anie miili ya vyombo vya adui. Rubani anayeliweza hilo ni mmoja, na La Forge anamtaja bila kupepesa: Riker.

Jellico hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe hadi chumbani kwa mtu aliyemfukuza kazi. Akapendekeza waweke vyeo kando, kisha akamwambia kwamba hampendi, kwamba anamwona kaidi na mwenye kiburi, wala si naibu mzuri, ila ndiye rubani bora chomboni. Riker akaitumia ruhusa hiyo vilivyo: akajibu kwamba yeye pia hampendi, kwamba hana imani na watu, hawapi moyo, anataka kukamata kila kitu mkononi. Jellico hakumwamuru. Riker akataka aombwe, na Jellico akaomba.

Watetezi wa Riker huishangilia sehemu hii, mwenye kiburi amenyenyekezwa. Mimi naona kinyume. Watu wanaweza kufa wakati wowote, na Riker anasubiri neno "tafadhali". Aliyekua katika chumba kile ni Jellico. Mtu asiyejiamini, kama Troi alivyomsoma, alikwenda kusikiliza kasoro zake zote kutoka kwa mdogo wake wa cheo, akazimeza, akapata alichohitaji kwa ajili ya chombo. Mabomu yalitegwa, Wakadasia walinaswa bila risasi kubwa kupigwa, wakalazimishwa kutoa sehemu muhimu za silaha zao na kurudi walikotoka. Hakuna mtu wa Enterprise aliyekufa. Sharti mojawapo lilikuwa kurudishwa kwa Picard.

Na Picard ndiye tunayemsahau tunapobishania samaki na zamu.

Safari ile ya siri ilikuwa mtego. Picard anatekwa, na afisa wa Kikadasia aitwaye Madred, aliyeigizwa kwa utulivu wa kutisha na David Warner, anamtesa kwa siku kadhaa. Anamwonyesha taa 4 na kumlazimisha akiri kwamba ziko 5. Stewart, mfuasi wa muda mrefu wa Amnesty International, alijiandaa kwa kutumia nyenzo za shirika hilo kuhusu watu walioteswa kweli, na ndiyo maana vipande vile vinaumiza hadi leo. Huku nyuma, Riker anamsihi nahodha wake: tukiri kwamba Picard alitumwa na sisi, apate kinga ya mkataba unaolinda wafungwa wa vita. Jellico anakataa. Kukiri, kwake, ni kumpa adui fimbo mezani. Riker anapandwa na hasira, na ndipo anapovuliwa unaibu.

Hapa sheria za dunia yetu zinavutia kuliko za karne ya 24. Kwa Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva, askari anayekamatwa akifanya ujasusi bila sare anapoteza haki ya kuhesabiwa mfungwa wa vita. Picard alikuwa amevaa nguo nyeusi za siri. Kwa mizani hiyo, kukiri kwa Jellico huenda kusingemsaidia kama Riker alivyodhani. Lakini sheria hizohizo zinakataza kumtesa mtu yeyote, awe na sare au asiwe nayo, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso wa mwaka 1984 hautoi ruhusa hata wakati wa vita. Madred hana pa kujifichia. Na Jellico?

Tunao mfano wa kweli wa kumpima. Tarehe 1 Mei 1960 Wasovieti waliiangusha ndege ya ujasusi ya Marekani aina ya U-2 na kumkamata rubani wake, Francis Gary Powers. Marekani kwanza ilidai ni ndege ya utafiti wa hali ya hewa. Wasovieti walipomtoa Powers akiwa hai, Rais Eisenhower alibeba dhamana hadharani. Gharama ilikuwa kubwa, kwa kuwa mkutano wa wakuu uliokuwa ufanyike Paris mwezi huohuo ulivunjika. Powers alihukumiwa miaka 10 mwezi Agosti, lakini akawa mfungwa ambaye nchi yake ilimkiri, na Februari 1962 alibadilishwa na jasusi wa Kisovieti Rudolf Abel kwenye daraja la Glienicke, Ujerumani. Jellico aliogopa gharama ile ya Paris. Ni hofu ya mwanasiasa mwenye akili, lakini iligharimiwa na mwili wa mtu mwingine, na katika sehemu zote mbili hatumwoni hata mara moja akikaa na uzito wa jambo hilo. Hata Picard aliporudi, maneno aliyomwambia ni kwamba chombo kiko kama alivyokiacha, pengine kizuri kidogo zaidi. Picard muda mfupi baadaye anamkiri Troi kwamba mwishoni aliamini kweli anaona taa 5.

Ronald D. Moore, aliyeandika sehemu ya kwanza ya hadithi hii, aliongoza baadaye uandishi wa tamthilia ya Battlestar Galactica. Mwaka 2005 humo akaingia Admirali Cain wa chombo cha Pegasus, Jellico asiye na breki, aliyemuua kwa mkono wake naibu aliyekataa amri. Nadhani Moore alikuwa bado analijibu swali la 1992. Na mwaka 2023, katika msimu wa tatu wa Star Trek: Picard, alikuja Nahodha Liam Shaw, mkali mwingine wa kanuni, na mashabiki waliomchukia wiki ya kwanza walikuwa wakimlilia kabla msimu haujaisha. Jellico mwenyewe amepandishwa cheo. Katika Star Trek: Prodigy ni makamu admirali, kwa sauti ileile ya Ronny Cox.

Husemwa kwamba vijana humpenda Riker na watu wazima wenye kazi za mishahara humwelewa Jellico. Sikubaliani, wengi waliowahi kuajiriwa chini ya Jellico wao hawajamsamehe hadi leo. Hukumu yangu ni hii. Katika zamu, sare na vita, Jellico alikuwa sahihi kuliko Riker, na mbele ya mlango ule alikuwa mtu mzima kuliko wote. Katika suala la Picard alikosea, na Riker, pamoja na ukaidi wake wote, ndiye aliyelisema lililopaswa kusemwa. Adui akiwa mlangoni, nipangieni zamu ya nne chini ya Jellico bila malalamiko. Ila jina langu likitokea katika orodha ya mateka, naomba kesi yangu ishikwe na Riker.